Breki za Ayeeyo

Jumapili, alasiri. Garissa.

Jua limeanza kulegea na upepo umeingia uani. Nimekaa barazani na chai ya maziwa ya ngamia, na nimefurahi kiasi cha kujishuku.

Chumbani amelala mtoto aliyetoka arobaini jana. Nje ya lango limesimama gari langu. Kwa sababu ya mtoto, sithubutu hata kukohoa. Kwa sababu ya gari, nimeamua kuandika.

Ukurasa huu alinifungulia binti yangu Neema nilipostaafu ualimu. Nadhani alitarajia nitaandika mambo ya hekima. Mpaka sasa nimeandika malalamiko zaidi kuliko hekima: kuhusu maji, kuhusu umeme, kuhusu vijana wanaovaa suruali chini ya kiuno. Leo sina malalamiko. Au ninayo machache, nami nitayataja yatakapofika zamu yake.

Gari langu ni steshenwagoni ya rangi ya krimu, kongwe kuliko Neema. Majirani walilibandika jina la Ayeeyo, neno ambalo Wasomali humwitia bibi, kwa sababu limebeba watoto wa mtaa mzima na halijawahi kumkataa mtu. Nililipinga jina hilo kwa muda mrefu. Sasa ninalitumia mwenyewe, hata ninapozungumza na watu wa bima.

Kabla ya mvua zilizopita, injini ya Ayeeyo ilikufa. Haikufa ghafla. Ilikuwa ikinywa oili kwa uchu na kutoa moshi wa buluu, hata mbuzi wa jirani wakaacha kulala kwenye kivuli chake. Kila mtu alinishauri nimuuze kwa vyuma vikuukuu. Nilikataa. Niliagiza injini nyingine kutoka Nairobi, injini ya Kijapani iliyotumika kidogo, ikaja juu ya lori la vitunguu, imefungwa magunia kama mgonjwa wa baridi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa na haraka.

Neema anafundisha Kotile, na mumewe yuko kazini Mandera, mbali kabisa. Mtoto alipozaliwa, mke wangu alikwenda kumtunza Neema. Mama Neema alikuwa mkunga maisha yake yote, kwa hiyo alifika akiwa na maagizo tayari. Akakuta jirani wa Neema, Eedo Habiba, yaani Shangazi Habiba, mke wa mfugaji mwenye ngamia wengi, naye ana maagizo yake. Walipimana kwa siku chache, kisha wakapendana. Mwishowe Eedo Habiba alimwambia mke wangu arudi nyumbani akatayarishe chumba, kwa kuwa hapa mzazi hukaa ndani siku arobaini, na siku ya kutoka ni lazima akalale nyumbani kwa jamaa yake. Wasomali huiita siku hiyo afartanbah. Mzazi hupambwa, mtoto hufukizwa ubani, na jamaa huja kuwachukua.

Jamaa huyo ni mimi.

Neema si Msomali wala si Mwislamu, lakini ameishi Kotile vya kutosha kujua kwamba pale mambo ya uzazi huamuliwa na Eedo Habiba. Na mimi nilikuwa sijamwona mjukuu wangu. Gari lilikuwa bovu, nami kwa ukaidi nilimwahidi Neema kwamba nitakuja kumchukua na Ayeeyo, kama nilivyomchukua yeye na mama yake hospitalini alipozaliwa. Ukaidi wangu ndio ulionichelewesha kumwona mtoto. Hilo ninalikiri bila kulazimishwa.

Kulikuwa na kikwazo kingine, nacho kilikuwa kikubwa kuliko injini.

Mke wangu alikuwa hamwamini Ayeeyo.

Kiangazi kilichopita, tukitoka sokoni, nilikanyaga breki mbele ya mkokoteni wa punda. Ayeeyo hakusimama mbele ya mkokoteni. Alikata upande mmoja, akaacha barabara, akaingia kwenye rundo la matikiti maji kama mtu anayeketi kitini. Hakuna aliyeumia. Mwenye matikiti alicheka mpaka akakaa chini. Tulikula matikiti wiki nzima, kwa kuwa yaliyopasuka yalikuwa yetu.

Tangu siku hiyo Mama Neema hakukaa tena kiti cha mbele. Ndani ya mji alikaa nyuma, mkoba wake mapajani, nami mbele peke yangu, hata watu wakaanza kuniita dereva wa mama. Nje ya mji hakupanda kabisa. Aliniambia kwa utulivu kwamba siku atakayokanyaga breki hizo kwa mguu wake mwenyewe, zikamjibu, atarudi mbele. Na akaniwekea mpaka: Ayeeyo asipokuwa tayari Ijumaa kabla ya Magharibi, atakodi Probox, atamfuata Neema, na mimi nitakaa nyumbani nipike.

Kupika si tatizo. Tatizo ni kukaa nyumbani.

Fundi wangu ni Bashir, kijana wa Wajir aliyenenepa kidogo tangu aoe, mwenye karakana nyuma ya soko la mifugo. Huko hewa ina harufu mbili, dizeli na mbuzi, na baada ya saa moja huwezi tena kuzitenganisha. Bashir hutamka paipu kama "baipu" na hulazimisha kila kitu kiwe cha ngeli moja. Zamani nilimsahihisha. Siku hizi namwacha, maana mikono yake hufanya kazi kwa ufasaha, na mimi si mwajiriwa tena.

Mapatano yetu yalihusu injini tu. Jumatatu waliitoa ile ya zamani kwa mnyororo na mti wa mkwaju. Nafasi iliyobaki mbele ya gari ilikuwa kubwa na chafu, kama chumba kilichohamwa. Bashir akainama humo na tochi, akaimulika sehemu moja mara tatu. Kwa Bashir hiyo si dalili nzuri.

Kisha akaniita.

"Mwalimu, injini mzuri nitaweka. Lakini gari ikikimbia, nani atasimamisha?"

Akanionyesha paipu za breki, zile nyembamba zinazopeleka mafuta ya breki kutoka mbele mpaka kwenye magurudumu. Zilikuwa zimeoza. Mafuriko ya Tana yaliyoingia mtaani kwetu yalikuwa yamezilaza majini na matopeni, na kutu ilizila taratibu bila kutuarifu. Aligusa moja kwa kucha, ikabanduka magamba. Alipofuata ile ya gurudumu la nyuma kushoto, akaanza kucheka.

Paipu ile ilikuwa imekunjwa na kupigwa nyundo ikawa bapa kama ulimi. Bashir aliitambua kazi hiyo mara moja. Lori au gari likipasuka paipu kwenye barabara ya Wajir, mbali na duka lolote, dereva huikunja, huiponda, huiziba, kisha huendelea na safari kwa breki za magurudumu yaliyobaki. Fundi fulani alimfanyia Ayeeyo hivyo katika safari mojawapo ya shule, akasahau kusema, na gari likabaki na breki tatu.

"Sisi watu wa Wajir," akasema Bashir, "tunaendesha na gurudumu tatu na dua."

Nilimwambia kwamba mimi ningependa manne, na dua juu yake.

Basi hapo palikuwa na uamuzi. Kubadili paipu zote kungekula siku ambazo sikuwa nazo. Kufunga injini juu ya paipu mbovu kungetufikisha Kotile, labda, lakini injini ikishakaa mahali pake, kuzifikia paipu hizo ni kazi ya mtu mwenye mikono ya nyoka. Nilisimama karibu na mbuzi watatu nikafikiri. Nilimfikiria mtoto ambaye sijamwona. Kisha nikayafikiria matikiti.

Nikasema tubadilishe zote.

Wala sikumwambia Mama Neema mpaka jioni, kwa sababu nilijua atauliza kwa nini iliwahi kufikiriwa vinginevyo. Aliuliza.

Jumanne na Jumatano zilikwenda kwa furaha. Lazima niseme hivyo. Kuna raha katika kazi inayofanywa kwa utaratibu, na mimi ni mtu wa utaratibu. Tulitoa paipu kuukuu moja moja, nikazilaza juu ya mkeka kwa mpangilio wa gari lenyewe, za mbele mbele na za nyuma nyuma, na kila moja nikaipa alama ya chaki. Paipu mpya zilikuja zimeviringwa kama kamba ya ngamia. Bashir alizinyoosha, akazikata, akazikunja akifuata umbo la zile kuukuu. Mimi nilikagua. Kona ikiwa imezidi, nilikataa. Kona ikiwa imepungua, nilikataa. Nilimwambia kwamba watengenezaji wa gari walikuwa na akili zao, na kazi yetu ni kunakili, si kubuni.

Bashir alikubali. Naye hupenda kazi safi, na pia alikuwa amekwisha kuona kwamba kukubaliana nami ni njia fupi kuliko kubishana.

Pale paipu inapoishia, mdomo wake hupanuliwa kwa chombo maalumu uwe kama tarumbeta ndogo, ili ubane vizuri. Kabla ya kuupanua, ni lazima kwanza uvishe nati. Ukisahau nati, mdomo ukishapanuka haiingii tena, nawe unakata na kuanza upya. Kila fundi duniani amewahi kusahau. Kwa hiyo nilisimama nyuma ya Bashir kama msimamizi wa mtihani, na kila mara alipokishika chombo nilisema, "Nati?" naye akajibu, "Nati iko, adeer," yaani ami. Tulikwenda hivyo mpaka paipu ya mwisho. Wakati huo Neema alinipigia simu kuniuliza kama gari limepona. Nilimjibu kwa kirefu.

Nilipokata simu, Bashir alikuwa ameshika paipu yenye mdomo mzuri kabisa, tarumbeta isiyo na kasoro, na nati ilikuwa juu ya mkeka.

Hakuniangalia. Akachukua msumeno.

Alhamisi injini mpya iliingia. Ilikaa juu ya vishikio vyake vipya vilivyochomelewa, ikaunganishwa na giaboksi, na bomba la moshi likatengenezwa upya. Alasiri, jua likiwa bado kali, ikaja kazi ya kutoa hewa kwenye breki. Kazi hiyo hutaka watu wawili: mmoja chini ya gari akifungua na kufunga parafujo ndogo gurudumuni, mwingine ndani akikanyaga pedali. Mama Neema alikuwa amekuja na chakula. Akaweka sufuria chini, akavua viatu, akaingia kiti cha dereva.

Bashir, akiwa chini, akaita: kanyaga, shika, usiachie, achia sasa, pumzika, kanyaga tena.

Baada ya mizunguko michache mke wangu akaanza kucheka hata pedali ikatetemeka. "Bashir mwanangu," akasema, "miaka yote mimi ndiye niliyewaambia wengine maneno hayo."

Kutoka chini ya gari tukasikia sauti ya kicheko kilichobanwa, na baadaye kidogo: "Haya basi, mama. Sukuma."

Alipomaliza magurudumu yote, alikanyaga peke yake mara kadhaa, polepole, uso ukiwa makini kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono. Pedali ilisimama juu, ngumu, haikuzama.

"Inajibu," akasema.

Usiku huo nililala vizuri mno. Ningepaswa kujua.

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Bashir alirudi kutoka msikitini na kanzu nyeupe, akavaa tena ovaroli, akaiwasha injini. Iliwaka mara ya pili. Haikutoa moshi wa buluu. Watu wa soko la mifugo walikuja kusikiliza na mmoja akasema Ayeeyo ameolewa tena. Tuliiacha ingurume ipate joto, tukaongeza maji, tukakaza hiki na kile. Kisha nikamkaribisha Mama Neema aendeshe kidogo uwanjani, kwa heshima, kama mtu anayefungua mlango wa ofisi mpya.

Alikwenda mpaka mwisho wa uwanja na kurudi. Akaenda tena. Mara ya tatu alisimama mbali kuliko alivyokusudia, akazima injini, akashuka. Hakupandisha sauti.

"Jana ilikuwa inajibu. Leo haijibu."

Nilikanyaga mwenyewe. Pedali ilikwenda chini laini, kama unakanyaga mkate.

Bashir alisema ni hewa. Akalala chini tena, tukatoa hewa upya, gurudumu baada ya gurudumu. Haikutoka hata povu moja. Na tulipomaliza, pedali ilikuwa ngumu kama jana. Tukafurahi. Mama Neema akaendesha tena, akazunguka mara kadhaa, na pedali ikalegea. Tukazima, tukakagua kila nati, hakuna tone la mafuta lililovuja. Tukakanyaga, ikawa ngumu. Tukaendesha, ikalegea.

Jua lilikuwa linashuka. Mke wangu alitoa simu mkobani, akaitazama, hakupiga. Aliiweka juu ya kiti cha gari. Nilielewa. Namba ya mwenye Probox ilikuwa humo.

Niliona haya, na sikujua nione haya mbele ya nani. Nilikuwa nimesimamia kila kona ya paipu zile. Nilifungua kichwa changu kama kabati nikitafuta kosa, nikakuta kila kitu mahali pake. Hakuna jambo linalomchanganya mtu kama mimi kuliko hilo.

Mama Neema alikuwa bado amesimama mbele ya gari, boneti wazi. Akamwuliza Bashir maswali aliyokuwa akiwauliza wazazi kliniki. Inaanza lini? Inaanza gari likishapata joto. Inapoa lini? Likikaa. Asubuhi hali ikoje? Asubuhi mzima kabisa. Akakunja kanga yake mkononi, akaanza kuipapasa paipu kutoka juu kwenda chini, hatua kwa hatua, jinsi alivyowapapasa watoto wenye joto. Alipofika chini ya kona ya pili, akaurudisha mkono haraka.

"Mgonjwa ana homa," akasema. "Hapa."

Bashir akainama. Nami nikainama. Tukatazama kwa pamoja.

Injini ya zamani ilitolea moshi upande wa kushoto. Hii ya Kijapani hutolea upande wa kulia. Bomba la moshi, lenye moto kama jiko, lilikuwa limepita sentimita chache tu kutoka kwenye paipu ya breki, mahali ambapo siku zote palikuwa baridi. Injini ikipata moto, mafuta ya breki ndani ya paipu yalichemka, na mvuke hausukumi gurudumu. Ikipoa, mvuke huisha. Hakuna aliyekosea kona hata moja. Tulikuwa tumenakili kwa uaminifu mkubwa paipu za gari lililokuwa na injini nyingine.

Bashir ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akaegemea gurudumu. "Wallahi, adeer, tumeshonea mtu nguo ya marehemu."

Nilijaribu kubaki na uso wangu wa kawaida. Sikuweza.

Lakini Magharibi haikuwa mbali. Bashir alikata ile paipu, akachukua kipande kipya, na safari hii sikuleta mkeka wala chaki. Alinitazama, akangoja. Nikamwambia aipitishe anapoona ni baridi. Akaipeleka juu, ikafuata ukuta ulio nyuma ya injini, mbali na moto, ikashukia upande mwingine. Kona zake hazikufanana na chochote. Kati yake na bomba la moshi akaweka ngao ya bati aliyoikata kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia, na picha ya alizeti bado inaonekana juu yake. Mimi nilifanya kazi moja tu.

"Nati?"

"Nati iko."

Mama Neema alikanyaga akaambiwa apumzike, akakanyaga tena. Injini ikawashwa, ikaachwa ichemke. Akaendesha mpaka lango la soko na kurudi, akazunguka mpaka ng'ombe wakachoka kumtazama. Alisimama mbele yangu, karibu sana, bila kuteleza hata kidogo. Adhana ilianza kusikika. Akashuka, akachukua simu yake juu ya kiti, akairudisha mkobani.

Bashir alikimbia kwenda kutawadha. Alisema kwa mbali kwamba kesho kutakuwa na ayeeyo mbili kwa gari moja, tuendeshe polepole.

Jana, Jumamosi, tuliondoka baada ya mapambazuko. Mke wangu alikaa nyuma. Ahadi ya kiti cha mbele sikuigusa. Alikuwa amekubali kupanda safari nzima, na mtu mwenye busara hudai jambo moja kwa wakati.

Kotile tulipokelewa na Eedo Habiba akiwa mlangoni, mikono kiunoni. Alimzunguka Ayeeyo, akayapiga teke magurudumu mawili, akaniuliza kama huyu ndiye mgonjwa aliyesikia habari zake. Nilimwambia amepona. Akainua viganja, akamsomea dua, nasi tukaitikia amina kila mtu kwa imani yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na mjukuu wangu, amefungwa kitambaa cha kijani, ananukia ubani kama msikiti mpya.

Alinitazama. Nadhani aliniona mkali. Wote huniona hivyo mwanzoni.

Sitaandika nilichohisi.

Tulirudi polepole. Neema na mama yake walikaa nyuma, mtoto kati yao mikononi. Kabla ya Bura, vichaka vikiwa vimesogea barabarani, twiga mmoja akatoka upande wa kulia bila taarifa yoyote, akasimama katikati ya njia. Nilikanyaga.

Ayeeyo alisimama. Hakukata kushoto, hakukata kulia. Alisimama palepale, amenyooka, kama mtu aliyeitwa jina lake. Twiga alitutazama kutoka juu kwa dharau kidogo, akaendelea na safari yake. Vumbi letu likatupita na kutangulia.

Niligeuka. Mtoto alikuwa hajaamka.

Mke wangu alikuwa ameshika mgongo wa kiti changu kwa mkono mmoja. Akauachia, kidole baada ya kidole.

Leo asubuhi nilimleta Ayeeyo mlangoni kwa ajili ya kwenda kanisani, nikashuka kufungua mlango wa nyuma, kama nilivyozoea tangu matikiti. Mama Neema alinipita. Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi, akaweka mkoba mapajani, akaniuliza nangoja nini.

Tuliendesha mpaka kanisani bega kwa bega. Karibu na soko, yule mwenye matikiti alituona. Akasimama, akatandaza mikono mbele ya rundo lake kulikinga. Mke wangu akampungia mkono.

Tulipofika, akanieleza kwamba kiti hicho kina waya uliotokeza unaomchoma, na akashangaa kwamba nimeuacha muda wote huo. Sikumkumbusha kwamba hakuna aliyekikalia. Niliinama, nikaupapasa. Ni kweli, upo.

Basi kesho ni kiti.